Daftari, Ramani na Hatima: Msimulizi na Kumbukumbu za Utumwa katika The Known World ya Edward P. Jones

Utangulizi

The Known World, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Ulimwengu Unaojulikana, ni riwaya ya mwandishi Mmarekani mweusi Edward P. Jones iliyochapishwa mwaka 2003. Ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2004 na tuzo ya kimataifa ya IMPAC ya Dublin mwaka 2005. Mwaka 2024, gazeti la New York Times lilipowaomba waandishi na wahakiki wataje vitabu bora vya karne ya 21, riwaya hii ilishika nafasi ya 4. Kwa mwandishi ambaye ametoa riwaya moja tu na mikusanyo miwili ya hadithi fupi, hayo si mafanikio madogo.

Mjadala juu ya riwaya hii umejikita zaidi katika maudhui yake. Mhusika wake mkuu, Henry Townsend, ni mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, akakombolewa na baba yake, kisha naye akanunua watumwa. Anapofariki mwaka 1855 akiwa na umri wa miaka 31, anaacha shamba la zaidi ya ekari 50 na watumwa 33. Jambo hilo linashtua, na mshtuko huo umewafanya wasomaji wengi wajiulize Henry alikuwa mtu wa namna gani. Swali linalopewa nafasi ndogo ni la kifani: nani anasimulia habari hizi, anazijuaje, na kwa nini anazisimulia kwa sauti iliyo karibu na ya karani wa serikali kuliko ya mtambaji?

Makala haya yanajibu swali hilo kwa kuchunguza vipengele viwili vya usimulizi: matumizi ya kumbukumbu za kubuni, kama vile takwimu za sensa, na matumizi ya kisengere mbele, yaani kudokeza mambo yatakayotokea baadaye sana. Hoja inayotetewa ni kwamba vipengele hivi ndivyo vinavyobeba msimamo wa kimaadili wa riwaya. Daftari za utumwa ziliandikwa na wenye mali. Jones anaiga sauti ya daftari hizo, anaonyesha zilivyo na makosa, kisha anawapa watumwa kitu ambacho daftari hazikuwapa, nacho ni wakati ujao. Hata hivyo, makala yanaonyesha pia kwamba riwaya haimfanyi msimulizi wake kuwa kipimo cha mwisho cha haki. Kipimo hicho kimeachwa mikononi mwa mhusika mdogo anayeuliza swali moja kuhusu chakula.

Maisha ya Mtunzi na Kazi Zake

Jones alizaliwa Washington, D.C., mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alilelewa na mama ambaye hakujua kusoma wala kuandika, na ambaye aliwatunza watoto wake kwa kazi za kuosha vyombo na kufanya usafi. Umaskini uliwahamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kufikia umri wa miaka 18 Jones alikuwa ameishi mahali 18 katika jiji hilohilo. Alisoma katika chuo cha Holy Cross huko Massachusetts, na baadaye akapata shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Virginia, jimbo ambalo lingekuwa mandhari ya riwaya yake.

Mkusanyo wake wa kwanza, Lost in the City, ulitoka mwaka 1992. Una hadithi 14 kuhusu watu weusi wa Washington, mbali na majengo ya serikali ambayo ulimwengu unayajua. Sifa za wahakiki hazikumpa riziki. Kwa takriban miaka 19 Jones aliajiriwa katika jarida la masuala ya kodi, akisahihisha nakala na kufupisha habari za sheria na mapato. Alipoteza ajira hiyo mwaka 2002, wakati akiwa katika kazi ya kuandika riwaya. Riwaya yenyewe alikuwa ameibeba kichwani kwa karibu miaka 10, akiwa ameweka karatasini kurasa chache tu. Alikuwa pia amekusanya rafu ya vitabu vya historia ya utumwa kwa nia ya kufanya utafiti, lakini mwishowe aliviacha bila kuvisoma na kutegemea alichokuwa amekijenga akilini. Rasimu ilikamilika katika muda wa miezi michache.

Mambo mawili katika wasifu huu yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni mama asiyejua kusoma. Jones aliitabaruku The Known World kwa ndugu yake na kwa kumbukumbu ya mama huyo, mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya karatasi zilizoandikwa na wengine: mikataba ya pango, barua za wenye nyumba, fomu za ofisini. La pili ni kazi ya jaridani. Mtu aliyefupisha nyaraka za kodi kwa miaka mingi anaifahamu sauti ya taarifa rasmi, ukavu wake na mamlaka yake. Si lazima mhakiki adai kwamba maisha yalizaa mtindo moja kwa moja. Inatosha kusema kwamba mtunzi huyu alikuwa na sababu za kujua nguvu ya maandishi juu ya watu wasioyaandika.

Mkusanyo wa pili, All Aunt Hagar's Children, ulitoka mwaka 2006. Nao una hadithi 14, na kila hadithi inafungamana na hadithi yenye nafasi hiyohiyo katika mkusanyo wa kwanza. Aliyepita pembeni katika kitabu cha mwaka 1992 anaweza kurejea baada ya miaka 14 akiwa na historia yake kamili. Kwa Jones, mhusika mdogo ni mtu ambaye zamu yake ya kusimuliwa bado haijafika. Kanuni hiyo ndiyo inayoiongoza riwaya pia.

Sheria Inayogeuza Upendo Kuwa Umiliki

Kabla ya kuchambua usimulizi, ni muhimu kueleza hali ya kisheria inayosimuliwa. Kuwapo kwa watu weusi waliomiliki watumwa nchini Marekani ni jambo la kihistoria. Mwaka 1924 mwanahistoria Carter G. Woodson alichapisha orodha ya wamiliki wa aina hiyo kutokana na sensa ya mwaka 1830, akaeleza kwamba wengi wao walimiliki jamaa zao wenyewe. Sababu mojawapo ilikuwa sheria. Huko Virginia, sheria ya mwaka 1806 ilimtaka mtumwa aliyepewa uhuru aondoke jimboni ndani ya miezi 12, isipokuwa apate kibali. Mume aliyemnunua mkewe na kumpa uhuru aliweza kumpoteza kwa tendo hilohilo. Ilikuwa salama zaidi kumweka katika daftari kama mali.

Jones anaitumia hali hii kwa uangalifu. Augustus Townsend, seremala stadi, anajinunua mwenyewe, kisha anamnunua mkewe Mildred, na baada ya miaka mingi anamnunua mwanawe Henry kutoka kwa tajiri mzungu William Robbins. Mbele ya sheria, mke na mwana wanabaki kuwa mali ya Augustus. Katika miaka ya kusubiri, Henry amelelewa karibu na farasi wa Robbins na amejifunza kumtazama Robbins kama kielelezo cha mtu mzima. Anapokuwa mtu huru mwenye ufundi wa kushona viatu, anamnunua mtumwa wake wa kwanza, Moses, kutoka kwa bwana huyohuyo.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kukimbilia methali ya kikulacho ki nguoni mwako na kuishia hapo. Riwaya haimruhusu. Katika tukio moja muhimu, Henry na Moses wanajenga nyumba pamoja na wanacheza mieleka kama marafiki. Robbins anawakuta, anamwita Henry kando na kumweleza kwamba sheria itamlinda dhidi ya mtumwa wake bila kujali rangi yake, lakini sheria hiyo inamtaka ajue mpaka kati ya bwana na mtumwa. Baada ya maneno hayo Henry anambadilikia Moses. Kinachoonyeshwa hapa ni jinsi sheria inavyofundishwa, inavyopokewa na inavyoingia mwilini. Augustus anapopata habari kwamba mwanawe amenunua mtu, anampiga begani kwa fimbo. Henry anaichukua fimbo hiyo na kuivunja. Baba na mwana wameyapitia mateso yaleyale, lakini wamepata mafunzo yanayopingana.

Hili linajibu hofu ambayo riwaya ingeweza kuamsha, kwamba kuandika juu ya mmiliki mweusi ni kuwapunguzia wazungu hatia. Jones haigawi hatia kwa mizani ya rangi. Anafuatilia utaratibu mzima unaohitaji karani, hakimu, askari wa doria, mlinzi wa sheria na mnunuzi, na anaonyesha kwamba yeyote anayeingia katika utaratibu huo anakuwa mtumishi wake. Utaratibu huo uliwekwa na wenye mamlaka, na katika Virginia ya mwaka 1855 wenye mamlaka walikuwa wazungu. Henry anakopa mamlaka hayo. Anapokufa, mkewe Caldonia anayarithi, na ingawa amesoma na ana moyo wa huruma, hawaachi huru watu wake.

Sensa ya Kubuni na Kosa la Hesabu

Matukio ya riwaya yanatokea katika kaunti ya Manchester, jimboni Virginia. Kaunti hiyo haikuwahi kuwapo, lakini msimulizi anaizungumzia kama mtu aliyekaa siku nyingi katika chumba cha nyaraka. Anaeleza kwamba mwaka 1855 kaunti hiyo ilikuwa na familia 34 za watu weusi huru, na kwamba 8 kati yao zilimiliki watumwa. Anataja wanahistoria wa baadaye, vijitabu vya wasafiri, na moto wa mwaka 1912 ulioteketeza kumbukumbu za mahakama. Vyote hivyo vimebuniwa. Wasomaji wengi wamedhani kwamba Jones alifanya utafiti mkubwa wa makavazi, ilhali rafu yake ya vitabu ilibaki bila kusomwa.

Je, ubunifu wa aina hii una uhalali katika suala zito kama utumwa? Hoja ya kuupinga ina uzito. Historia ya watumwa tayari imejaa mapengo na upotoshaji, na takwimu bandia zinaweza kuongeza ukungu. Msomaji asiyejua anaweza kuibeba idadi ya familia 34 hadi nje ya kitabu kana kwamba ni kweli. Utetezi wa kusema tu kwamba riwaya ni bunilizi hautoshi, kwa sababu riwaya hii inajitahidi kufanana na kitu kisicho bunilizi.

Jibu bora linapatikana katika namna takwimu zenyewe zilivyowekwa. Msimulizi anapotaja sensa ya mwaka 1860 iliyohesabu watumwa 2,670 katika kaunti, haraka anaongeza kwamba idadi hiyo si sahihi. Ofisa aliyepeleka ripoti Washington alikuwa amegombana na mkewe siku hiyo, na katika kujumlisha akasahau kubeba moja. Katika sehemu hiyohiyo anatajwa mtu mweusi mwenye huzuni ambaye, kwa mujibu wa sensa, alimiliki mkewe, watoto wake 5 na wajukuu wake 3. Mtu huyo hana jina wala nafasi nyingine katika riwaya. Sensa imemhesabu kwa usahihi, lakini haijaeleza lolote la maana juu yake: kwamba mali yake yote ilikuwa familia yake, na kwamba huzuni yake huenda ilitokana na kuijua hesabu hiyo.

Takwimu za Jones, kwa hiyo, zinajivua mamlaka papo hapo zinapotolewa, na shabaha yao inaonekana zikilinganishwa na nyaraka halisi. Katika sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa katika majedwali ya pekee chini ya jina la mmiliki. Kwa kawaida jedwali lilionyesha umri, jinsia na rangi. Majina hayakuandikwa. Mwanahistoria anayeingia katika makavazi hayo anakuta maelfu ya watu waliohesabiwa bila kutajwa. Sensa ya Jones inayakubali makavazi hayo kama umbo na kuyakataa kama ushahidi kamili. Kosa la kutobeba moja linachekesha kidogo, kisha linaumiza: hiyo moja iliyosahauliwa ni watu.

Hatari ya karatasi inajitokeza kwa ukali zaidi katika kisa cha Augustus. Akiwa njiani usiku, anasimamishwa na askari wa doria na anatoa hati yake ya uhuru kama alivyozoea. Mmoja wao, Harvey Travis, anaitia hati hiyo mdomoni, anaitafuna na kuimeza. Kisha Augustus anauzwa kwa mfanyabiashara wa watumwa anayepita, na mwisho wake ni kuuawa kwa risasi mbali na nyumbani, baada ya kukataa kutumika. Maisha ya kazi yaliyonunua uhuru wa watu watatu yanapita katika koo la mtu mmoja kwa dakika chache. Katika ulimwengu huu, uhuru wa mtu mweusi ni karatasi, na karatasi huliwa.

Kisengere Mbele kama Tendo la Kurejesha

Kipengele cha pili ni kisengere mbele. Katika riwaya nyingi, mbinu hii huandaa taharuki: msomaji hudokezwa jambo ili angoje namna litakavyotokea. Jones anaitumia tofauti. Katikati ya sentensi inayoeleza tendo dogo, msimulizi anaruka miaka 20, 50 au zaidi ya 100, anataja jambo moja, kisha anarejea shambani kana kwamba hakuondoka. Jambo linalodokezwa mara nyingi halihusiani na msuko mkuu hata kidogo.

Mfano mmoja ni wa Tessie, mtoto wa Elias na Celeste. Elias anapomchongea mwanasesere wa mti, msimulizi anasema kwamba mwanasesere huyo atakuwa naye hadi saa yake ya mwisho, akiwa mkongwe wa zaidi ya miaka 90. Wakati tendo la kuchonga linafanyika, Tessie ni mali ya shamba. Kisheria anaweza kuuzwa kesho, na kwa mwenye shamba wakati wake ujao ni makadirio ya bei. Kwa sentensi moja, msimulizi anampa maisha marefu, kumbukumbu ya baba, na kitu chake mwenyewe asichonyang'anywa. Msomaji anayerudi kwenye tukio la shambani anamwona Elias kwa jicho jingine. Anajua kwamba kazi ya mikono ya baba huyu itadumu kuliko hati ya umiliki wake.

Mfano wa pili ni wa Stamford. Anaingia katika riwaya akiwa mtu wa kudharauliwa, mzee anayehangaika kutafuta wanawake vijana kwa imani kwamba watamwongezea uhai. Baada ya tukio la radi na matunda ya porini aliyokwenda kumchumia mtoto, anabadilika. Msimulizi anaruka mbele na kueleza kwamba yeye na mkewe Delphie watakuja kuanzisha makao ya watoto yatima weusi mjini Richmond, na kwamba zaidi ya miaka 100 baada ya siku hiyo mtaa utapewa majina yao. Mtunzi mwingine angeijengea habari hiyo sura nzima. Jones anaitoa kama tanbihi, kwa ukavu uleule wa sensa.

Ukavu huo una maana. Sauti iliyotumika kuwahesabu watu kama mali sasa inatumika kuwaandikia heshima zao. Msimulizi hapazi sauti kwa sababu daftari haipazi sauti. Tofauti ni kwamba daftari hii ina majina. Jones amewahi kueleza katika mahojiano kwamba, kama muumba wa wahusika wake, anaziona siku zao za kwanza na za mwisho kwa pamoja. Kauli hiyo inasaidia kueleza msimulizi maizi wa riwaya hii, lakini haielezi ni kwa nani umaizi huo unaelekezwa. Uchunguzi wa matini unaonyesha kwamba mitazamo ya mbele yenye neema zaidi inaangukia watoto na watu wa vibandani. Henry Townsend, mwenye shamba, ameshakufa riwaya inapoanza kusonga. Wakati ujao si mali yake.

Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba miruko hii inakata mtiririko na kuwafanya wahusika kuwa wengi mno wa kukumbukwa. Lalamiko hilo ni la kweli kwa kiasi. Katika theluthi ya kwanza ya riwaya, msomaji analazimika kushika majina mengi bila kujua yupi ana uzito. Hata hivyo, ugumu huo unamfikisha msomaji kwenye uamuzi. Akianza kuchagua nani ni wa maana na nani wa kupuuzwa, atakuwa anafanya kazi ya karani wa sensa. Riwaya inamtaka awachukue wote, na inampa uchovu unaostahili kazi hiyo.

Ramani ya Gerezani na Ramani ya Alice

Jina la riwaya linatokana na ramani. Katika gereza la kaunti, mlinzi mkuu wa sheria John Skiffington ametundika ramani kubwa ya kale ya ulimwengu iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa, ikiwa na maandishi yanayoitambulisha kama ulimwengu unaojulikana. Jones anainasibisha na Waldseemüller. Mchoraramani halisi wa jina hilo, Martin Waldseemüller, alichapisha mwaka 1507 ramani ya kwanza inayojulikana kuwa na jina Amerika, na nakala yake iliyosalia imo katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Katika riwaya ramani hiyo imepitwa na wakati na Amerika yake ni ndogo kuliko ilivyo. Skiffington anaipenda hata hivyo.

Ramani hiyo inamfaa mwenyewe. Skiffington ni mtu wa dini aliyeapa kutomiliki mtumwa, lakini amepokea msichana mweusi, Minerva, kama zawadi ya harusi, na kazi yake ya kila siku ni kulinda mali za wenye watumwa. Ameishi na mchoro wa dunia unaomridhisha na hakusumbuka kuulinganisha na ardhi. Mwisho wake unaleta maafa: akimsaka Moses aliyetoroka, anamuua Mildred nyumbani kwake, kisha yeye mwenyewe anauawa na binamu yake Counsel.

Dhidi ya ramani ya gerezani, Jones anaweka kazi ya Alice Night. Shambani Alice anajulikana kama mwendawazimu anayetangatanga usiku akiimba na kusema ovyo, kiasi kwamba askari wa doria wamemzoea na kumwacha apite. Baadaye inadhihirika kwamba matembezi hayo yalikuwa namna ya kujifunza njia. Anatoroka pamoja na mke na mwana wa Moses, na mwaka 1861 Calvin, ndugu wa Caldonia, anamwandikia dada yake barua kutoka Washington. Amekuta ukutani kazi mbili kubwa za Alice zilizotengenezwa kwa kitambaa, rangi na udongo. Moja inaonyesha kaunti nzima kama inavyoonekana kutoka juu. Nyingine inaonyesha shamba la Townsend, na hata wafu wa makaburini wamesimama.

Kwa hiyo, mwanamke ambaye sensa ingemweka katika mstari usio na jina ndiye aliyechora ramani sahihi. Aliijua kaunti kwa miguu, usiku, huku akihatarisha maisha. Barua inatoka Aprili 1861, mwezi ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, lakini riwaya haivipi vita hivyo heshima ya kuwa mkombozi. Alice amekwisha kujikomboa.

Mipaka ya Msimulizi

Kufikia hapa ingeonekana kwamba riwaya ni ushindi wa msimulizi juu ya daftari. Kauli hiyo inahitaji kuwekewa mipaka, kwa sababu ya Moses. Moses ndiye nyapara wa shamba na ndiye mhusika anayefungua riwaya. Baada ya kifo cha Henry anakuwa mpenzi wa Caldonia, anatumaini kuachwa huru na kuchukua nafasi ya bwana, na kwa tumaini hilo anamwondoa mkewe na mwanawe. Akiwa nyapara, anamlazimisha Celeste, aliye mjamzito, kwenda kufanya kazi, na Celeste anapoteza mimba. Anapotoroka na kukamatwa, anakatwa mshipa wa kisigino na kubaki kilema.

Msimulizi aliyempa Stamford mtaa na Tessie uzee hampi Moses neema ya namna hiyo. Je, huyu hastahili? Iwapo kisengere mbele ni malipo kwa wema, basi msimulizi amekuwa hakimu mwingine, na daftari yake mpya nayo ina watu waliosahauliwa. Hili ndilo tatizo gumu zaidi la kimaadili katika riwaya, na halitatuliwi kwa kumsifu Jones kwa upana wa huruma yake.

Jones mwenyewe analitatua kwa njia nyingine. Kabla ya riwaya kufungwa, maneno yanaachiwa Celeste, mwanamke yuleyule aliyeumizwa na Moses, anayechechemea kama Moses anavyochechemea sasa. Anaketi kula na jamaa yake, na wasiwasi alio nao ni iwapo Moses amekula. Hamsamehe kwa hotuba, na wala hatangazi kwamba yaliyopita yamepita. Anauliza tu habari za chakula chake. Kiswahili kina neno linalolingana na hali hii: mjoli, mtumwa mwenza, mtu anayefungamana na mwingine kwa kuwa chini ya bwana mmoja. Celeste anamtazama Moses kama mjoli wake, baada ya Moses kuusaliti ujoli huo kwa tamaa ya kuwa bwana.

Swali la Celeste linazidi elimu ya msimulizi. Msimulizi anajua yatakayotokea baada ya miaka 100. Celeste hajui hata kama mtu wa kibanda cha jirani ameshiba. Kutojua huko ndiko kunakomfanya aulize, na kuuliza huko ndiko kunakomrudisha Moses miongoni mwa watu. Riwaya yenye jina la kujua inamalizia simulizi yake ya shambani kwa mtu asiyejua na anayejali.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba sauti ya kikarani katika The Known World inafanya kazi tatu. Kwanza, inaonyesha jinsi sheria na maandishi yalivyogeuza jamaa kuwa mali na uhuru kuwa karatasi. Pili, kupitia sensa ya kubuni yenye kosa la hesabu, inalitia shaka daftari halisi lililowahesabu watumwa bila majina. Tatu, kupitia kisengere mbele, inawarudishia wahusika wadogo wakati ujao ambao umiliki uliwanyima. Hofu kwamba takwimu za kubuni zinapotosha historia ina msingi, lakini riwaya inaikabili kwa kuzifanya takwimu hizo zijisahihishe mbele ya msomaji.

Imebainika pia kwamba mbinu hii ina kikomo, na kwamba Jones alikijua kikomo hicho. Uhakiki unaoishia katika kumsifu msimulizi maizi unakosa ukurasa muhimu kuliko yote. Ramani ya Skiffington, sensa ya ofisa aliyegombana na mkewe, hata daftari pana ya msimulizi mwenyewe, zote ni namna za kuwatazama watu kutoka juu. Celeste anamtazama Moses kutoka mezani, akiwa na chakula mbele yake. Riwaya inawaacha wasomaji wake hapo.